Mkono wa Mama Kwenye Bariyeri

Jumatatu, 4 Machi 1996

Nimeamka saa kumi na moja, kama kila siku. Si uchamungu, ni miguu. Rakaa ya kwanza nainuka kama gogo. Nikimaliza sunna na faradhi nimekuwa mtu, naweza kutembea kutoka nyumbani Kibenga hadi garaji yetu Buyenzi, hapa hapa Bujumbura. Gari sipandi. Nikikaa kidogo misuli inafunga, na kushuka kwenyewe ni aibu. Hata vidole, nikishika spana haviachii upesi.

Na mwili wenyewe ni kichekesho. Mapaja ya mcheza ndondi, mabega hivyo hivyo, na sijawahi kufanya mazoezi. Marehemu baba aliniita mvivu. Miaka thelathini na moja nimemwamini.

Jumatano, 6 Machi

Wanajeshi wameweka bariyeri mpya njiani. Walituchuchumaza karibu saa nzima wakikagua karangamuntu, vitambulisho vyetu. Halafu: simameni, mkimbie. Wenzangu wakaenda. Mi nikabaki chini.

Kaporali akanipiga kitako cha bunduki begani. Nikasema ni ugonjwa, tangu utotoni. Akayatazama mapaja yangu. Akasema hiyo ni misuli ya mtu wa msituni, aliyefundishwa vita. Akaniamuru nichuchumae na kusimama mara kumi, auone huo ugonjwa.

Mara ya kwanza nusura nishindwe. Ya tatu ikawa nyepesi. Ya kumi niliruka kama mtoto. Ndivyo mwili huu ulivyo, ukichemka unafunguka. Nimejitolea ushahidi wa kunimaliza.

Ameandika jina langu, akasema nikirudia mchezo huo, sivuki tena. Wanaobaki pale hawarudi. Naogopa, basi.

Alhamisi, 7 Machi

Sikwenda kazini. Leo patroni wa garaji amevumilia, wiki nzima hatavumilia. Nikikosa kazi hatuli, na njia nyingine ya kufika Buyenzi hakuna.

Nimemwambia Mama yote. Alikuwa anachambua ndagala za kuuza. Jirani akapita kumsalimia, Mama akampa kifundo cha mkono kama kawaida yake, kwa kuwa vidole vina samaki. Kisha akaniambia kesho tunakwenda wote. Nimekasirika. Bibi kizee na beseni lake atafanya nini mbele ya bunduki?

Ijumaa, 8 Machi

Tulitoka pamoja, Mama na beseni lake kichwani.

Walituchuchumaza tena. Wazee waliachwa wasimame. Kaporali yule yule. Mama akaweka beseni chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akamwendea. Akamsalimu: amahoro, amani. Akampa kiganja chote. Sijawahi kumwona akimpa mtu kiganja. Mkono wa mzee haukataliwi huku, hata na mwenye bunduki. Kaporali akaupokea.

Akataka kuutoa wake. Haukutoka. Akavuta. Wenzake wawili wakanyanyua bunduki. Nilitaka kuruka, miguu ikagoma.

Mama hata sauti hakupandisha. "Ngoja, mutoto wangu. Si mi nakushika. Mukono ndio unakataa. Utafunguka."

Vidole vikaachia polepole, kimoja kimoja. Kaporali alivikodolea macho. Nami nilivikodolea macho. Navijua vidole hivyo. Ni vyangu.

"Juzi ulimuchemsha, ndiyo maana haukuona," akamwambia, akininyooshea mkono. "Leo acha apumuzike kwanza. Kisha umuambie asimame."

Kaporali akavuta sigara nzima. Halafu akasema simama. Nikajaribu. Nikaanguka ubavu, magoti yamekunjwa vile vile.

Hakuna aliyecheka. Kaporali alininyanyua mwenyewe, akanishika kwapani mpaka miguu ikanyooka. Alikuwa kijana tu, sikuwa nimemwangalia usoni. Akakata jina langu kwenye daftari. Subhanallah.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemuuliza Mama kwa nini alinificha kuwa naye anao ugonjwa huu. Nilikuwa na hasira na nilitaka ajue. Utoto mzima nimeitwa mvivu, yeye yuko pale pale, anasikia.

Amesema aliogopa kuachwa. Baba angejua ugonjwa umetoka kwake, angemrudisha kwao. Amelia, nami sikumbembeleza.

Lakini tangu hapo nahesabu. Miaka arobaini sokoni. Maelfu ya salamu. Zote kwa kifundo, na samaki ndiyo sababu. Mume alilala naye kitanda kimoja asijue. Na siri ya miaka yote hiyo ameitoa mbele ya watu wote, kwa sababu yangu. Namwangalia akipepeta mchele na sijui huyu mama ni mtu wa namna gani.

Jumapili, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri. Baridi inatukaza.

Tumeswali pamoja, mi mbele, yeye nyuma. Siku zote nilikuwa nainuka bila kumngoja, nikidhani ni uzee. Leo baada ya sijda nilitulia, nikasikiliza magoti yake. Nilipomsikia yuko tayari, tukainuka.

Baada ya salamu akanipa mkono. Kiganja chote. Tukakwama wote wawili. Tulikaa hivyo tukisikiliza mvua, hatukuwa na haraka.