Neno ZOEZI Lilibaki Juu

Mwenzio nimekwisha. Usinipigie, soma tu, mkuu amekaa mbele yangu.

Lile lori la mafuta limepinduka kweli darajani asubuhi, mafuta yanaingia mtoni. Kazi yangu ni moja tu: kutuma tangazo kwa idara zote za mkoa. Nikachukua lile la wiki iliyopita, nikabadilisha mahali na saa, nikatuma.

Juu kabisa nikaacha HILI NI ZOEZI. Zoezi!! Kwa mkono wangu mwenyewe!

Wote wakajibu palepale, kama tunavyojibu kwenye mazoezi. Zimamoto: "Tumetoka." Mazingira: "Vizuizi vimetandazwa mtoni." Mkuu akanipigia makofi, eti hatujawahi kuwa wepesi hivi.

Saa nzima tunapongezana! Halafu dereva wa lori, yule aliyetupa taarifa asubuhi, akapiga tena, analia: "Mama, mbona hajafika hata mtu mmoja?"

Hata mtu mmoja. Wote walijibu zoezi, kwa maneno tu. Nimetuma upya, bila lile neno.

Sasa wewe, wewe wa Idara ya Maji. Saa tatu na dakika tano ulinijibu, "Pampu ya mtoni imefungwa." Ile inayovuta maji ya kunywa ya mji mzima.

Dada, niambie uliifunga kweli.