Jiwe la Buluu la Korongoni

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Irene kaja. Mtoto wa binti yangu Filomena, anasoma mambo ya miamba chuo kikuu. Kakonda! Nikamuuliza, huko mnakula karatasi? Kacheka tu.
Mchana tumeshuka korongoni, chini ya migomba yangu, penye mwamba mweupe. Kalala kifudifudi kama mjusi, kioo chake kidogo jichoni. Mara kelele — Bibi, njoo! Nikadhani nyoka.
Kumbe jiwe. La buluu, dogo kama punje ya hindi, limezama kwenye mwamba. Kakwaruza ukingo kwa ncha ya kisu, kisu kikashindwa. Kalimulika huku na huku, rangi ile ile, basi si yakuti. Pembe zake kama mahema mawili yaliyogusana chini. Spineli, anasema. Nyekundu tunazijua, tumezichimba sana Matombo hapa. Ya buluu hajawahi kuiona mtu korongoni kwetu. Machozi yakamtoka mtoto.

Jumatano, 7 Agosti
Mwalimu wake, Severin, atakuja Jumamosi. Picha ya simu haimtoshi, anataka alione lilipo. Kazi ya Irene ya kumalizia chuo yote inategemea jiwe hilo.
Bibi, lisiguswe! Kaniambia mara tatu. Mimi mtoto? Nikamwambia nimeyajua mawe kabla mama yako hajaota meno. Marehemu babu yako alichimba, mimi ndiye niliyeyabandua mwambani nikayasafisha. Dalali gani alinunua jiwe na uchafu wake? Kashuka mjini, Mafiga, kuazima vipimo.

Alhamisi, 8 Agosti
Nanenane. Watu wako kwenye maonyesho. Nikachukua nyundo ya marehemu.
Sikuwa na nia mbaya. Mtu wa chuo anakuja, umwonyeshe kitu kimejaa chokaa? Kuku ananyonyolewa mbele ya mgeni? Nikagonga pembeni, taratibu, kama zamani. Mkono si ule.
Vipande vitatu.
Nimevilowesha kwenye ndimu, vikang'aa. Vya nini sasa. Mwanamke mzima, mjinga!

Ijumaa, 9 Agosti
Irene kafika, kaniamkia, kashuka mbio. Karudi mweupe kama unga. Bibi, nani?
Nilikuwa nimefungua mdomo. Akatangulia yeye — ni Babu Laurenti, nani mwingine mwenye mkono wa nyundo? Laurenti ni mdogo wangu, naye kachimba mawe tangu ujana. Alikuwa pale pale, anachonga mpini. Kaniangalia. Mimi nikaangalia sufuria.
Ni mimi, mjukuu wangu, kasema Laurenti. Nilidhani nakusaidia.
Hivyo hivyo. Hata hakupandisha sauti. Irene kamwambia mzee mzima huna akili. Mzee wa miaka sabini na moja! Siku nyingine ningemchapa mdomo. Leo nikakoroga ugali.

Jumamosi, 10 Agosti
Mwalimu Severin kaja. Mpole, viatu vimejaa matope. Kainama penye lile shimo, kashika kashika, kasikitika. Kasema hata vipande vingefaa. Vikiingia sawasawa kwenye shimo lake, na aliyevitoa aonyeshe alivyogonga, kazi ya Irene haijafa. Kamgeukia Laurenti: mzee, viko wapi?
Laurenti avitoe wapi? Viko chini ya godoro langu.
Irene kakaa juu ya jiwe, kajifunika uso kwa mikono.
Nikasema twendeni mkale. Ndiyo maneno niliyopata. Chakula!
Wamekaa mkekani. Irene kaleta maji ya kunawa. Kaanza na mimi, mkubwa, kama nilivyomlea. Kapiga na goti. Halafu mgeni. Laurenti kanyoosha mikono — Irene kampita na birika. Kaondoka nalo. Mzee kabaki na mikono hewani, kisha kaipangusa kwenye suruali kama vile imelowa.
Nimesema naingia kuchukua chumvi. Naandika nimesimama, godoro nimeshalipindua. Vitatu vyote viko hapa kwenye kiganja alichokiosha Irene. Bibi, anaita, mbona chumvi ipo huku?