Eti Tunapumua Sana

Nkatha, stima imepotea, nasikia pwa! gizani. Plasta ya chumbani imebwagika yenyewe.

Na mwenye nyumba, Bwana Mselem, yumo humo na mnunuzi, Bi Hayat!

Tochi za simu zikawashwa. Ukuta mweusi tititi kwa ukungu. Ule ule alioupaka saruji, fundi akimwambia mawe haya yanataka chokaa, saruji itafungia maji ndani. Miezi mitatu namsihi aibomoe, kifua cha mwanangu Owen kinabana.

Unajua alisema nini? “Bi Hayat, nyumba ni kavu. Wapangaji ndio hupumua sana, ukuta ukalowa.”

Tunapumua sana! Nkatha, TUNAPUMUA!

Nikainama kuzoa plasta, nisije nikamjibu nikafukuzwa.

Bi Hayat akamwinamia mwanangu: “Na hapa hulala nani?”

Owen akamjibu kwa sauti: “Mimi, lakini nikikohoa sana mama hunihamishia jikoni.”