Mtegemezi Wangu, Corinne

Dada Oleta,

Theluji bado imeziba mlango wa nyuma, na goti langu bado linauma vile vile. Bamia zako za siki zimefika, chupa moja tu imevunjika.

Jana nilikwenda maktaba, kwa yule mama anayetujazia wazee fomu za kodi. Nikamtaja Corinne kuwa mtegemezi wangu, yaani mtu ninayemtunza nyumbani ili nipunguziwe kodi, kama kila mwaka.

"Mmeshaoana?" akaniuliza.

"Bado."

"Wanaume nyie! Haya, alikaa kwako mwaka mzima?"

"Mpaka tarehe tisa Novemba."

"Akahama?"

"Akafariki."

Aliweka kalamu chini. "Pole sana, mzee. Basi kisheria, aliyefia kwako huhesabiwa amekaa mwaka mzima."

Mazishini uliona wana wa Corinne walivyonikalisha benchi la nyuma. Hata tangazo la kifo gazetini halikunitaja. Ningejiita nani, na kila Krismasi ni mimi niliyemwambia, "Pete mwakani"?

Nimepewa nakala ya fomu. Ndiyo karatasi pekee yenye majina yetu pamoja. Nimeibandika kwenye friji, pale alipokuwa akiniandikia vya kununua.

Mdogo wako,
Verlon