Malkia Anakaa Nyuma

Nyeri

Mke wangu Rebeka,

Nakusalimu wewe na binti yetu, ambaye mpaka leo namjua kwa maandishi yako tu. Je, anashiba? Na mgongo wako umepona? Mimi ni mzima, ila baridi ya mlima huu inaniingia mpaka kwenye mifupa.

Hapa kafyu ikianza kila mtu anajifungia ndani. Mimi na Mutua, yule karani wa Machakos ninayekaa naye chumba kimoja, tunacheza sataranji. Kete amezichonga mwenyewe, maana kwao kuchonga ni kama kwetu kulima. Juzi askari walikuja kupekua, wakaziona wakaruka nyuma, ati ni vitu vya kiapo cha Mau Mau! Mutua akasema, "Afande, huyu ni mfalme, huyu ni farasi. Gusa tu, haumi." Koplo akakataa kabisa. Tulicheka walipokwisha kwenda mbali.

Sasa sikiliza, mama. Nimemwomba Bwana, huyu Mzungu mkubwa wetu wa ofisini, likizo mara mbili nije kwenye ubatizo wa mtoto, na mara zote mbili amenifukuza. "Hapana! Hii Emajensi! Nani nashika stoo?" Mara ya pili nilirudi chumbani nimenuna, tukacheza, na kama kawaida yangu nikamtoa malkia mbio peke yake. Mutua akamla. Nikapiga meza kwa hasira, kete zikaanguka.

"Zakayo," akaniambia, "hivi ndivyo unavyoomba likizo. Unakimbia peke yako, unaliwa." Akapanga ngome mbili kwenye mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, na malkia nyuma yao. Ya mbele ikiliwa, ya pili inalipiza, na malkia bado yuko. Nilimtafutia mfalme pa kukimbilia, sikupaona.

Basi tumepanga hivyo hivyo. Mutua ametangulia kumwambia Bwana kwamba atashika stoo yangu pamoja na kazi yake. Bwana amenung'unika tu, hakumfukuza! Nyuma yake yuko karani mkuu, Mgoa mmoja mpole, ameahidi kuniombea pasi ya safari. Aliyebaki ni wewe. Mwandikie Bwana kwa mkono wako. Mweleze kwamba huko kwetu Butere mchungaji hambatizi mtoto kama baba hakusimama naye, na Pasaka ikipita atangoja mpaka Krismasi. Huyu Bwana hakosi kanisa hata Jumapili moja, atasoma. Usimbembeleze sana. Sema naye kama unavyosema nami nikichelewa kurudi nyumbani.

Nisalimie mama yangu anayekubebea mtoto, na ndugu yangu mdogo anayetuchungia ng'ombe. Mchungaji naye mwambie anihifadhie nafasi.

Rebeka, nina furaha, nilikuwa nimeisahau. Sanduku nimeshalitoa chini ya kitanda, nimetia shati moja na kofia ya sufu ya binti yetu. Mutua ananitazama anatikisa kichwa, anasema nimeanza tena mbio, nilirudishe. Nimekataa.

Ni mimi mumeo anayekungoja uandike,
Zakayo