Pondu ya leo nimetwanga mimi

Mama Kanyere,

Pondu, majani yetu ya muhogo, iko ndani ya sufuria, imetwangwa vizuri. Ukitoka misa uichemshe, mafuta ya mawese yako nyuma ya mlango. Mimi naenda mtaa wa Simi-Simi kumuona kaka.

Sasa tuzungumze. Asubuhi kwenye chai tuliulizana maswali kama kila Jumapili, anayeshindwa atwange pondu. Ulijibu yote, hata mji mkuu wa Mongolia! Nikatwanga uani, jirani Sadrack akapita akacheka: «Bonjour, Mama!» Nikamwambia mke wangu ana kichwa, bwana. Kisha nikachukua simu uliyoiacha, nimpigie kaka. Maswali yangu yote yamo kwenye Google. Kumbe ndiyo sababu mkono wako mmoja ulikaa chini ya meza!

~~Jumapili ijayo utatwanga wewe, pondu ya wiki nzima.~~

Hapana. Nilipolalamika, binti yetu Kanyere alisema: «Papa, mkono wa Mama wa kutwangia unamuuma tangu Jumatano.» Mimi nilidhani umeninunia tu. Ukiumwa, niambie mimi, usiende kuiba majibu. Nitatwanga mpaka upone. Jioni nakuletea mafuta ya kuchua, na nitakuchua mwenyewe.

Bwana wako