Gari la Marehemu kwa Safari ya Mtaa wa Pili

Mkwe wangu,

Jirani, alipomwona mumeo akitoa gari, aliwahi kuniuliza, "Mama, kwenu miguu ni pambo?" Nilicheka. Leo sicheki.

Uji uko kwenye chupa. Mtoto nimempeleka shule kwa miguu. Funguo za gari ~~usimpe mumeo~~ ziko kabatini, akizitaka mpe.

Asubuhi nilimwambia mumeo kazini kwake ni mtaa wa pili tu, gari la nini? Moshi wake unazidi kuipasha dunia joto, na dunia ni amana ya Mungu.

"Gari moja tu, Mama?"

"Kila nyumba inasema hivyohivyo. Hata marehemu baba yako alilitoa kwa mgonjwa au mzigo tu."

"Mle ndani ndimo ninamosikia harufu yake."

Akaweka funguo mezani, akatoka kwa miguu.

Mama mkwe wako